Kijitabu cha sarufi ya Kiingereza cha River Road: mazoezi safi, majibu ya kukaguliwa

Kinauzwa kwenye vibanda vya vitabu vya River Road, Nairobi, kwa shilingi 150, na ukichukua vitatu kwa mpigo bei hushuka. Ni fotokopi ya kurasa 32 iliyobanwa kwa pini mbili, haina jina la mtungaji, na imeshika mada moja tu: upatanisho wa kiima na kitenzi pale kiima kinapokuwa neno kama "everyone", "neither" au "some". Walengwa ni watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambao karatasi ya pili ya Kiingereza huwatengea alama 15 za sarufi.

Mazoezi ndiyo yanayokiuza. Sentensi ni za makanga wa matatu, nyanya za soko la Marikiti na foleni ya magari ya Thika Road, kwa hiyo mwanafunzi hapotezi muda kuwaza mambo asiyoyajua. Ukurasa wa nne unafundisha mbinu ya penseli: kata maneno yote kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha soma kinachobaki. "Each of the conductors has a uniform" inabaki "Each has". Kwa "each", "one", "either" na "neither", mbinu hii inafaa kabisa. Inaziba lile kosa sugu la mwanafunzi kuona "conductors" imekaa ubavuni mwa kitenzi, naye akaandika "have".

Tatizo ni kwamba kijitabu kinaipeleka penseli hiyohiyo kwenye "some", "all" na "most". Maneno haya hayana umoja wala wingi wa kwao. Huufuata wa nomino iliyo baada ya "of". Ukiikata, umekata jibu lenyewe. Ndiyo maana majibu ya zoezi la sita yanapitisha "Most of the milk were spilt". Ni "was", maana maziwa hayahesabiki. Yangekuwa mayai, ingekuwa "Most of the eggs were broken". Mzungumzaji wa Kiswahili tayari anaujua mwenendo huu: baadhi ya maziwa yamemwagika, baadhi ya viti vimevunjika. Kitenzi hakijali "baadhi", kinafuata maziwa au viti. Aya mbili za maelezo hayo zingetosha, lakini hazimo.

"None" nayo imefungiwa kwenye umoja, na "None of the tomatoes are fresh" imepigwa mkasi mwekundu. Huo ni ukali wa bure. "Is" na "are" zote zimetumiwa na waandishi wazuri wa Kiingereza kwa karne nyingi. Anayetaka usalama kwenye mtihani aandike "is", ila asimkosoe mwenzake. Penye kitu kisichohesabika tu ndipo hakuna hiari: "None of the water is clean".

Zoezi la tisa ni la kiwango cha juu, na inasikitisha kwamba limeharibiwa na jibu. Sentensi ni "One of the matatus that go to Rongai has broken down". Ina vitenzi viwili vyenye viima tofauti. Iliyoharibika ni moja, hivyo "has". Ziendazo Rongai ni nyingi, hivyo "go". Majibu yanasema "goes", na mwalimu asiyekagua atalifundisha darasa zima kosa hilo.

Ukurasa wa mwisho, wa maswali mafupi ya kuthibitisha yanayobandikwa mwishoni mwa sentensi ("question tags"), una "Everyone has arrived, hasn't he?" Kiingereza cha leo husema "haven't they?" Kitenzi cha kwanza ni cha umoja, mkia ni wa wingi, na hapo wanafunzi wazuri pia huteleza. "Nobody called, did they?" wameiandika sawasawa, kwa hiyo huenda ile ya kwanza ilinakiliwa mahali pengine.

Kwa mwalimu, shilingi 150 si hasara: nyofoa kurasa tatu za majibu, rekebisha la sita na la tisa kwa kalamu, na mwambie mwanafunzi penseli ni ya "each" na wenzake tu. Anayejisomea peke yake nyumbani asikinunue, kwa sababu hana wa kumwambia jibu lipi limepotoka. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 17 na 18. Nakala nyingi wino wake umefifia hapo, na muuzaji hukubadilishia ukimwonyesha papo hapo.