Bia za Ubelgiji kwa usiku mmoja: ipi usiikose, ipi uiache

Kadi ya vinywaji kwenye baa nzuri ya Brussels au Bruges inaweza kuwa na bia zaidi ya mia, na tumbo lako linaweza nne. Tano, kama umekula vizuri na huna haraka.

Kinachowaangusha wageni ni udogo wa chupa. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Duvel ni chupa ya mililita 330 tu, lakini kwa asilimia 8.5 inabeba mililita 28. Rochefort 10, chupa ya ujazo huohuo, ina asilimia 11.3, yaani mililita 37, karibu sawa na Tusker mbili. Mtu aliyezoea chupa tatu nyumbani akinywa tatu za namna hiyo, asubuhi hatakumbuka ladha ya hata moja.

Kwa hiyo kula kwanza. Ukiwa Brussels, mtaa wa Matonge pale Ixelles una chakula cha Kikongo kinachoshika tumbo. Ukishafika baa, agiza sahani ya jibini iliyokatwa vipande pamoja na haradali, maana baa nyingi wanayo. Maji utayanunua kwa chupa. Yanunue.

Jambo la pili ni baridi. Afrika Mashariki mhudumu anakuuliza "baridi au moto?" na wengi wetu tunajibu baridi. Bia nyepesi za Ubelgiji ziendelee kuwa baridi, lakini nyeusi nzito, kama Rochefort na Westmalle Dubbel, zina raha yake kwenye nyuzi 10 hadi 14. Zikiwa za barafu hutasikia matunda makavu wala sukari iliyoungua, utasikia kileo tu. Ikiletwa baridi mno, iache mezani dakika kumi na tano.

Namba zilizo hapa chini zinaonyesha ipi inastahili pesa yako kwanza. Mpangilio wa kunywa ni tofauti: anza na nyepesi na kavu, malizia na tamu nzito. Ukitanguliza Rochefort, kila kinachofuata kitakuwa maji.

1. Orval (6.2%)

Inatengenezwa ndani ya kuta za monasteri ya Orval, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ufaransa. Tunaiweka juu kwa sababu hakuna nyingine inayofanana nayo, na pia kwa sababu kileo chake kinakuruhusu kuendelea na usiku. Kabla ya kuwekwa chupani huongezewa hops, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, bila kuchemshwa, kisha chachu ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo inaendelea kula sukari polepole chupani kwa miezi na miaka. Ndiyo maana kwenye Orval unanunua umri vilevile. Soma lebo, tarehe ya kujazwa imeandikwa. Chini ya miezi mitatu ni chungu, yenye harufu ya maua na machungwa. Ikifika miezi sita uchungu unapungua, bia inakauka, na harufu ya ngozi na zizi la farasi inajitokeza. Kwa mara ya kwanza tafuta ya miezi minne hadi sita. Baa makini hukuuliza unataka changa au kuukuu, na hapo ndipo unapojua uko mahali sahihi.

2. Oude Geuze, ya Boon au 3 Fonteinen

Hii ndiyo bia ambayo wengi huikunjia uso kwenye funda la kwanza, na ndiyo ambayo mtu aliyekulia pwani ataielewa haraka kuliko mgeni wa Ulaya. Kama tembo la mnazi, hakuna anayeitia chachu. Katika miezi ya baridi, uji wa shayiri na ngano hupoa usiku kucha kwenye sinia kubwa la wazi, na vijidudu vya hewani katika bonde la mto Senne huanza kazi. Kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao. Bia hiyo ya mapipani huitwa lambic. Ya mwaka mmoja, miwili na mitatu huchanganywa, ikafungwa chupani, ikachachuka tena na kupata gesi.

Neno la kutafuta ni "Oude", ambalo linalindwa kisheria. Geuze (au gueuze, kwa Kifaransa) au kriek, yaani ya cheri, isiyo na neno hilo mara nyingi imetiwa utamu, ingawa kiwanda cha Cantillon cha Anderlecht, Brussels, hakihitaji ushahidi huo. Chupa ya mililita 750 igaweni watu watatu au wanne. Ikiletwa imelala kwenye kikapu, usiisimamishe, mashapo yatatibuka.

3. Westmalle Tripel (9.5%)

Ilianza mwaka 1934, na mapishi yake ya leo ni ya 1956. Tripel nyingi unazoziona zinaifuata hii. Rangi ya dhahabu, ndizi kidogo, uchungu safi mwishoni, na kileo kimejificha kwa hatari. Moja inatosha. Ukimimina mwenyewe, inamisha glasi, mimina kwa mkono mmoja usiosita, acha kama sentimita moja chini ya chupa. Ile chachu iliyobaki huifanya bia kuwa na ukungu na ukali, na kwa wengine hujaza tumbo gesi.

4. Rochefort 8 (9.2%)

Wengi hukimbilia 10. Kwa usiku wenye bia nyingine, 8 ina zabibu kavu na mkate ulioungua vilevile, bila kukulaza. Ifanye ya mwisho.

5. Saison Dupont (6.5%)

Kavu, ya pilipili, nzuri sana kwa kufungua usiku pamoja na chakula. Angalizo moja: ikiwa kwenye chupa ya kijani, chupa hiyo haizuii mwanga vizuri, na mwanga huharibu hops, bia ikatoa harufu ya kicheche. Usichukue iliyopangwa dirishani kwa mapambo.

6. Rodenbach Grand Cru (6%)

Theluthi mbili zimekaa miaka miwili kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, theluthi ni changa. Ina uchachu wa siki na cheri. Kama geuze imekushinda, jaribu huku.

Duvel ni nzuri na inapatikana kila mahali, kwa hiyo haina haja ya kuchukua nafasi usiku huu. Taras Boulba (4.5%) ya Brasserie de la Senne inafaa kati ya mbili nzito, kupumzisha kinywa. Leffe si ya Watrappist, yaani watawa wa Kikatoliki wanaosimamia bia ya monasteri yao. Inatengenezwa kiwandani na kampuni kubwa ya bia, AB InBev. Ya Watrappist iliyothibitishwa mara nyingi ina nembo ya pembe sita, na Ubelgiji sasa ni tano: Chimay, Orval, Rochefort, Westmalle na Westvleteren. Westvleteren 12 ni bora kweli, ila inauzwa na monasteri yenyewe. Maduka ya watalii huipandisha bei mara kadhaa, na kwa bei hiyo Rochefort 10 ni ununuzi wa busara zaidi.

Kwak tunaiweka mwisho. Unalipia glasi yenye kishikio cha mbao. Ukiinywa, izungushe taratibu unapokaribia tako lake la mviringo, la sivyo hewa huingia ghafla na bia inakumwagikia usoni.

Kiwango cha kuendesha gari Ubelgiji ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na Westmalle moja na nusu inaweza kukuvusha. Panda treni.

Za kubeba nyumbani ni Orval na Rochefort, zinazovumilia miezi ya kabatini. Zifunge kwenye nguo katikati ya begi la mizigo, na ukifika zisimamishe wiki moja kabla ya kufungua.