Colvin Run Mill, Virginia: kinu cha maji kinachosaga mpaka leo

Kama unaishi Washington au viunga vyake na umechoshwa na unga wa supamaketi, nenda Great Falls, Virginia, kwenye kinu cha Colvin Run. Magari yanapita kasi pale Leesburg Pike, ukikata kona tu unakuta gurudumu kubwa la mbao ubavuni mwa jengo la matofali. Kilijengwa takriban mwaka 1811, kikasaga mpaka miaka ya 1930, kisha kikaachwa kikachakaa. Mwaka 1965 Kaunti ya Fairfax ikakinunua na kukifufua.

Jambo kubwa la kuzingatia ni hili: nenda siku wanayosaga. Hawasagi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Siku nyingine utapewa maelezo mazuri, lakini mawe yatakuwa yamelala.

Mimi nimekulia Njombe, nyumba yetu imepakana na mashine ya kusaga ya dizeli. Pale ukitaka kuongea na mtu inabidi mtoke nje. Hapa nilimsikia msagaji vizuri akimjibu mtoto huku mahindi yanashuka taratibu kutoka kwenye sanduku la mbao, yakitikiswa na kijiti kinachogonga tak-tak-tak kila jiwe linapozunguka. Jiwe la chini limetulia, la juu ndilo linalozunguka, na hayatakiwi kugusana hata kidogo. Yakigusana yanatoa cheche, na vumbi la unga linashika moto. Msagaji akakinga kiganja kwenye mdomo wa unga, akausugua kwa dole gumba, akaenda kurekebisha nafasi ya mawe, akarudi kuusugua tena. Mama yangu alikuwa anausugua vivyo hivyo kabla hajakubali kulipia debe lake. Niliomba kuugusa: vuguvugu tu, tofauti na ule wa mashine yetu uliokuwa unatoka wa moto.

Panda na ghorofa za juu, ingawa ngazi zitawasumbua wazee. Mtambo wa humo ni wa mvumbuzi Mmarekani Oliver Evans, aliyepata hataza yake (haki ya uvumbuzi) mwaka 1790. Mikanda yenye vikombe vidogo inapandisha nafaka mpaka juu, na huko reki inayozunguka yenyewe inautandaza unga upoe. Hakuna anayebeba gunia mgongoni. George Washington naye aliufunga mtambo wa aina hiyo kwenye kinu chake cha Mount Vernon mwaka 1791. Nguvu yote hiyo inatokana na maji, na nilisimama pale nikiwaza vijiji vyetu vyenye mito isiyokauka, ambako kina mama bado wanasubiri dizeli.

Sasa unga wenyewe. Unauzwa kwenye duka lao la zamani, pamoja na chenga ambazo Wamarekani wanapika kama uji mzito. Hii ni dona kamili, kiini kimo ndani, na harufu ya mahindi inakupokea ukifungua tu mfuko. Unga mwingi wa supamaketi huku umeondolewa kiini, ndiyo maana ugali wake hauna ladha. Mfuko wangu ulikuwa wa mahindi ya njano, na wazee wanaokumbuka unga wa yanga wa miaka ya njaa watakunja uso. Waonjeshe kwanza, ndipo uwaambie umetoka wapi.

Unga huu una chembe kubwa kuliko wa kwetu, kwa hiyo uchekeche. Chenga zinazobaki pikia uji. Anza na uji mwepesi, uache uchemke muda mrefu kuliko ulivyozoea, ndipo usonge. Mimi niliula na mchicha wa karanga, na watoto wakaongeza.

Ukifika nyumbani uweke kwenye friza. Una mafuta yake ya asili, na joto la Julai likiukuta kabatini utachacha.