Duka la simu la kina dada, mji wa kale Malindi: wapelekeeni kazi

Jamani wenye simu mbovu Malindi na Watamu someni hii kabla hamjatupa pesa. Kuna duka mji wa kale, upande wa sokoni, limebanana na duka la vitenge, mafundi ni wanawake watupu, simu na kompyuta, na naandika kwa sababu kazi yao safi na bado watu wanawapita mlangoni wanaenda kwa fundi mwengine eti hawa ni wanawake.

Simu yangu ilikuwa haiingizi chaji. Nauza vitafunio kwa WhatsApp, oda na M-Pesa zote ziko humo, ikizima na biashara imefungwa. Fundi mmoja, simtaji, hata hakuifungua, akaniambia bodi imekufa lete 4,500. Nikaenda kwa hawa. Dada mwenye duka kwanza akachomeka kimita kidogo baina ya waya na simu, akanionesha namba, volti 5 zipo lakini ampea 0, yani moto unafika ila simu haivuti kitu. Akaifungua mbele yangu akaniita nitizame kwenye hadubini, vile vipini vya ndani ya tundu la chaji vimeota kutu ya kijani. Akasema huku kwetu ndio ugonjwa wenyewe, hewa ya bahari ina chumvi, unyevu ukiingia na umeme wa chaji unapita basi ile shaba yalika upesi, simu za wavuvi na za bichi ndio zaidi. Akalitoa tundu bovu kwa hewa ya moto, akapiga spiriti na brashi, akatia jipya kwa lehemu, mkono wala hautetemeki mashallah. Kuchomeka tena inavuta ampea 1.5. Shilingi 800. Bodi nzima kabisa!

Na hakuniomba neno la siri. Wanawake wa pwani mnanielewa, picha za harusi na za siku ya kupamba tuko vichwa wazi zimejaa humo, halafu unamwachia kijana humjui akae nayo usiku kucha na pini umempa. Huyu dada kasema tatizo la chaji halihitaji pini, na kama ni skrini utaifungua mwenyewe ajaribu mbele yako uondoke na simu yako. Kwangu mie hiyo peke yake inatosha kunirudisha.

Nikiwa nasubiri mzee mmoja kaingia, kasalimu, kauliza fundi yuko wapi. "Ndiye mimi mzee wangu, karibu." Mzee kasema atarudi fundi akija. Ndio hivo, kila siku. Huyu dada kasomea mawasiliano ya simu chuo cha ufundi, kwenda atachimenti, yani mazoezi ya kazi, kampuni moja, wavulana wa darasa lake wakapelekwa kupanda minara ya simu na kuunga faiba, zile nyaya za intaneti, yeye akawekwa kaunta asajili laini mpaka muda ukaisha, na alama zake zilikuwa juu kuliko zao. Kuuliza, akajibiwa minara si ya mtoto wa kike. Iliniuma sana, kwa sababu mtu haajiriwi kuunga faiba kama hajawahi kuishika, na wa kumpa aishike ndio hao hao.

Na Malindi sisi tusiwe watu wa kusema hayo. Hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na jina lilitokana na sikukuu yetu ya Uhuru siku ile ile. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Zaidi ya miaka 50 imepita, binti wa hapa hapa anaambiwa hawezi mnara?

Sasa anafundisha wasichana wawili, mmoja kwao Ngomeni hiyo hiyo, hawatozi ada. Nilimuona mmoja anarudishwa lehemu ile ile mara tatu, hakuna cha "si mbaya kwa msichana", mpaka ikang'aa ikakaa sawa ndio akaambiwa haya funga.

Kasoro zipo. Kiti kimoja, feni hakuna, saa saba mchana utatoka jasho. Risiti hupewi mpaka uiombe, na waiombe watu, maana kazi wameipa dhamana ya mwezi na bila karatasi utabishana vipi. Skrini za iPhone hawaweki, zaagizwa Mombasa au Luthuli kule Nairobi, kwa hivyo uliza kwanza kama una haraka. Ijumaa wanafunga mchana.

Laptopu ya mwanangu iko kwao saa hii, haiwaki, ikitoka ntawaambia imekuwaje.