Mercedes C200 au Toyota Crown, mtumba wa Japani?

Ukiweka Mercedes C200 Kompressor (toleo la W204) kando ya Crown ya cc 2,500, wengi huangalia bei ya kununua tu. Mimi naanza na fundi.

Injini ya Crown, 4GR, ni V6 (silinda sita) inayovumilia ukiibadilishia oili kwa wakati. Vipuri vyake unavipata Gerezani pale Kariakoo, vipya na vya mtumba, na mafundi wanaoijua wamejaa mjini. Ubaya wake: inakunywa petroli vibaya kwenye foleni ya Mbagala, na kaboni hujijenga kwenye valvu za kuingiza hewa.

C200 ina cc 1,796 tu, kwa hiyo ushuru wa bidhaa bandarini unaotokana na ukubwa wa injini ni asilimia 5, wakati Crown, iliyovuka cc 2,000, hulipa 10. Imetulia barabarani kwa namna ambayo Crown haiifikii, kwa maoni yangu. Lakini injini hiyo, M271, inajulikana kwa kulegea taiming cheni, ile inayopanga mwendo wa valvu. Ukisikia mlio wa kukwaruza asubuhi ukiwasha, usinunue kabla ya fundi kuikagua. Inahitaji pia mashine ya kusoma makosa inayoendana nayo, na si kila gereji inayo. Kubahatisha hapo ndiko kunakomaliza hela.

Gari la kutwa nzima, biashara na safari za Morogoro: Crown. Kama ni Masaki hadi Posta, una fundi wa Mercedes unayemwamini na akiba ya matengenezo, C200 itakupendeza.