Kubandua jina la mchezaji kwenye jezi: huduma inayofaa kwa jezi fulani tu

Mchezaji kipenzi akihamia kwa mahasimu, mafundi wa kuprinti jezi huanza kupokea ombi lilelile: jina litoke, jezi ibaki. Hii ni huduma kamili yenye vifaa na ufundi wake, lakini haifai kila jezi. Herufi nyembamba za plastiki za miaka ya karibuni, fundi makini huzitoa vizuri. Herufi za mahameli, zile ambazo ukizipapasa utadhani umegusa zulia, ni kazi ngumu na aghalabu huacha jezi ikiwa na makovu. Na mahameli ndiyo yaliyobandikwa kwenye nyingi ya jezi za mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza enzi za akina Fernando Torres na Sol Campbell, wachezaji waliowauma mashabiki wao kwa kuhamia kwa mahasimu.

Jina hubandikwa kwa mashine ya joto, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 150 na 160 za Selsiasi, sekunde 10 hadi 20, kwa mgandamizo mkubwa. Gundi iliyo nyuma ya herufi huyeyuka na kuingia kati ya nyuzi za poliesta. Kubandua ni kuirudisha gundi hiyo katika hali ya ulaini bila kuunguza kitambaa. Nafasi ya makosa ni finyu, kwa sababu joto linalolegeza gundi halijapishana sana na joto linalofanya poliesta ing'ae, na mng'ao huo ukishatokea hautoki.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuingiza ubao au taulo iliyokunjwa ndani ya jezi. Asipofanya hivyo, joto la mgongoni hupenya hadi kifuani, na tangazo la mdhamini hulegea, hujikunja au hugandana na kitambaa cha nyuma. Hilo ndilo kosa linaloharibu jezi nyingi zaidi, na mteja huligundua akiwa ameshafika nyumbani. Baada ya hapo huweka karatasi ya kuokea juu ya herufi, hupitisha pasi kavu isiyo na mvuke kwa sekunde 8 hadi 10 kwenye herufi moja tu, kisha huinua kona kwa kibano na kuvuta polepole, mkono ukiwa chini karibu na kitambaa. Ukivuta kwenda juu, nyuzi zinatoka na herufi. Herufi ikigoma, inapashwa tena. Anayepasha jina zima kwa mkupuo mmoja ili amalize haraka, akifika herufi ya nne gundi imeshapoa, naye ataanza kukwaruza kwa kucha.

Plastiki ikitoka kinabaki kinamo cha gundi. Hiki hutolewa kwa kukipigia pasi juu ya kipande cha fulana kuukuu ya pamba, ambacho hufyonza sehemu kubwa, na kinachosalia hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Wengine hutumia asetoni. Poliesta huivumilia, lakini chapa za kifuani na za mikononi haziivumilii, kwa hiyo ijaribiwe kwanza upande wa ndani wa pindo. Zipo pia chupa za dawa maalumu ya kubandulia: hutiwa kwa ndani nyuma ya herufi, kitambaa kikavutwa kidogo, na baada ya nusu dakika hivi herufi hulegea bila pasi. Kwa herufi za plastiki, hii ndiyo njia salama kuliko zote, mradi dawa isitiririke hadi kwenye nembo.

Mahameli yana shida yake. Manyoya ya juu hung'oka, lakini tabaka la gundi lililo chini hubaki na umbo kamili la herufi, gumu na lenye kunata, na kila jezi ikivaliwa hukusanya vumbi hadi jina lisomeke tena kwa rangi ya kijivu. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla ya kugusa pasi. Kuna jezi nyingine ambazo jina na namba ni wino uliochomwa ndani ya kitambaa chenyewe. Hizo hazibanduliwi kwa njia yoyote, na anayekuahidi vinginevyo anataka kukuharibia. Papasa kwa kidole: kama husikii ukingo wa herufi, iache.

Hata kazi ikienda vizuri, mara nyingi kivuli cha herufi hubaki. Kitambaa kilichokuwa chini ya herufi hakikupigwa na jua wala hakikusuguliwa kwenye ufuaji kama sehemu nyingine, kwa hiyo kina rangi iliyokolea. Kwenye jezi nyekundu iliyovaliwa misimu miwili, jina husomeka wazi ukisimama juani. Jezi mpya iliyofuliwa mara chache haina tatizo hilo. Kwenye jezi nyeupe yenye herufi za bluu ya giza, kama ile ya Tottenham ya Campbell mwenye namba 23, mara nyingi rangi ya herufi huwa imeshaingia kwenye kitambaa na kuacha doa la kijivu lisilotoka.

Wengi hudhani kivuli kitafunikwa na jina jipya. Chukua jezi ya nyumbani ya Liverpool ya 2010/11. Torres aliondoka kwenda Chelsea tarehe 31 Januari 2011 kwa pauni milioni 50, na siku hiyohiyo akaja Andy Carroll akakabidhiwa namba 9. Namba inabaki, msimu ni uleule, jezi ni ileile, panaonekana pepesi. Lakini TORRES ina herufi 6 na CARROLL ina 7, na zote hupangwa kuanzia katikati ya mgongo. R mbili za Torres zimekaa kulia na kushoto kwa mstari wa katikati, ilhali R ya pili ya Carroll inakaa juu ya mstari wenyewe. Kila kivuli kinachungulia kwenye nafasi kati ya herufi mpya. Matokeo yake ni maandishi yanayoonekana kama yameprintiwa mara mbili na mashine mbovu.

Na hapo ni pale ambapo mabadiliko yana mantiki. Kwa jezi ya Arsenal ya 2011/12 yenye VAN PERSIE 10, wapo walioomba jina litoke na WILSHERE aingie, kwa kuwa Jack Wilshere ndiye aliyerithi namba 10 kiangazi cha 2012. Msimu wa 2011/12 Wilshere alikuwa namba 19 na alikuwa majeruhi. Jezi ile ilivaliwa msimu mmoja tu, ikiwa na nembo maalumu ya miaka 125 ya klabu. Ukibadilisha jina umetengeneza jezi ambayo haikuwahi kuvaliwa uwanjani, na umefuta jina la mtu aliyefunga mabao 30 ya ligi msimu huo. Hasira kwa Robin van Persie inaeleweka: alikwenda Manchester United na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa nao, na tarehe 28 Aprili 2013 wachezaji wa Arsenal walilazimika kuipangia United gwaride la heshima katika uwanja wao wenyewe, naye akafunga penalti katika sare ya 1–1. Yaliuma sana. Bado mabao yale 30 yalikuwa ya Arsenal.

Ndiyo maana ushauri kwa mteja wa huduma hii ni asiende wiki ya kwanza. Moyo wa shabiki una joto lake, na joto la wiki ya kwanza si la kufanyia maamuzi yasiyorudi nyuma. Siku Torres alipoondoka, wapo waliochoma jezi zake moto nje ya klabu. Tarehe 29 Machi 2015 alirudi Anfield, uwanja wa Liverpool, kwa mechi ya hisani, na uwanja ukamshangilia kwa nguvu. Miaka minne na miezi miwili. Aliyeiweka jezi kabatini siku ile alikuwa na kitu cha kuvaa, na aliyebandua alikuwa na kivuli. Mabao 81 aliyoifungia Liverpool yalikuwa yamepata nafasi ya kukumbukwa upya.

Si kila mtu husamehewa, na huduma hii ipo kwa ajili ya hao pia. Luís Figo alivuka kutoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, na Novemba 2002 alipokwenda kupiga kona Camp Nou, uwanja wa Barcelona, alirushiwa hadi kichwa cha nguruwe. Campbell aliondoka Tottenham 2001 mkataba ukiwa umekwisha, klabu haikupata hata senti, akaenda kwa mahasimu wao Arsenal. Katika hali kama hizo, kumwambia shabiki asubiri ni kumchosha bure. Wenye jezi ya Figo ya Barcelona wana nafuu moja ya kiufundi: enzi zile klabu haikuwa na mdhamini kifuani, kwa hiyo hakuna tangazo la kuunguza upande wa pili. Hata hivyo ubao uwekwe.

Kabla ya kukabidhi jezi, uliza mambo matatu. Atatumia pasi, mashine au dawa? Ukisikia mashine ya joto bila maelezo ya nini kitawekwa ndani ya jezi, ondoka nayo. Anaweza kujaribu kwenye herufi moja kwanza? Aanze na ya mwisho, isiwe ya katikati, ili mkisitisha, doa liwe pembeni. Na atatoa namba pia, au jina peke yake? Namba ina eneo kubwa kuliko herufi zote za jina zikijumlishwa, kwa hiyo kivuli chake ni kikubwa zaidi na joto litakalotumika ni jingi. Kama namba ina mrithi anayekupendeza, iache.

Baada ya kubandua, jezi isifuliwe kwa saa 24 ili dawa iishe kukauka, kisha ifuliwe imegeuzwa ndani nje kwa maji yasiyozidi nyuzi 30. Usiikaushe kwa mashine. Na usizihifadhi herufi zilizotoka ukidhani utazirudisha moyo ukipoa: gundi yake imebaki kwenye kitambaa na kwenye kile kipande cha fulana kuukuu, nazo zimepoteza umbo wakati wa kuvutwa. Seti mpya yenye mwandiko uleule ni ngumu kupata, kwa kuwa Ligi Kuu ya Uingereza ilibadilisha mwandiko wa majina 2007, 2017 na 2023, na seti za zamani zilizosalia hununuliwa na wakusanyaji.