Fundi umeme wa Chikongola aliyenifungia taa za tela

Kama una tela la kubebea korosho na taa zake zinakusumbua, mpelekee huyu fundi wa Chikongola, Mtwara mjini. Langu lilikuwa ukikanyaga breki, indiketa zinawaka nazo. Gereji ya kwanza ilibadilisha balbu tu na kuchukua hela. Huyu alikwenda moja kwa moja kwenye waya mweupe wa plagi ya pini 7, ndio ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri), akaukuta umeliwa na kutu ya kijani. Chumvi ya bahari yetu haina huruma. Akavuta ethi mpya mpaka kwenye kila taa badala ya kutegemea bodi ya chuma ya tela, akachomelea maungio kwa risasi, akayapaka grisi.

Kilichonifurahisha zaidi ni minyororo ya usalama: aliipitisha kwa kukingamana chini ya shingo ya tela, ili likichomoka lidakwe, lisichimbe lami.

Bei yake iko juu kidogo, na asubuhi foleni ni ndefu. Ila kwa barabara ya Masasi usiku, malori yakikufuata nyuma, nalipa bila kusita. Viakisi vyekundu nunua mwenyewe dukani, yeye hana.