Champagney: nyumba ya wakulima walioandika juu yetu bila kutuona

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya njaa, na hilo si kosa la makumbusho. Nitalifikia.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje, naishi Mulhouse, mashariki ya Ufaransa. Binti yangu ana miaka 11, Kifaransa kinamtiririka, Kiswahili anakitafuna. Mwalimu wao aliwapa kazi ya likizo: kila mtoto achague kijiji kimoja, aeleze historia yake na idadi ya watu wake. Wenzake wakakimbilia vijiji vya mvinyo na jibini. Mimi nikakumbuka Msenegali mmoja kazini aliyewahi kuniambia kuwa kule Champagney kuna nyumba ya watu weusi. Wakati ule nilidhani ananitania.

Tukapanda treni hadi Belfort, pale tukabadili ya mkoa, na haikuchukua muda tukashuka. Hii ilikuwa kabla ya korona, kwa hiyo kama wamebadili mpangilio wa ndani, msinilaumu.

Champagney ina watu 3,700 hivi. Iko chini ya milima ya Vosges, katika Haute-Saône: kanisa, ofisi ya meya, mvua. Zamani watu wa hapo na wa kijiji jirani cha Ronchamp walichimba makaa ya mawe, wakaja na Wapolandi kusaidia kuchimba, hadi migodi ikafungwa mwaka 1958. Vita vya 1944 vilipita hapo na kuharibu vibaya. Binti yangu aliyamaliza yote hayo kwenye daftari kwa dakika kumi, akafunga kalamu. "Tayari, mama." Tayari wapi, na hata mlango hatujaingia?

Nyumba yenyewe inaitwa Maison de la Négritude et des Droits de l'Homme, yaani Nyumba ya Weusi na Haki za Binadamu. Ilianzishwa mwaka 1971 na mwenyeji mmoja, René Simonin, na mlezi wake akawa Léopold Sédar Senghor, aliyekuwa rais wa Senegal. Ukitegemea jumba kubwa kama ya Paris, utasikitika. Ni nyumba ya kijijini, na kiini chake chote ni karatasi moja.

Mwaka 1789, kabla ya mapinduzi, mfalme wa Ufaransa aliwataka raia wake waandike malalamiko yao. Kila kijiji kikaandika: kodi, kuni, chumvi, mabwana wa ardhi. Champagney nao wakaandika yao tarehe 19 Machi. Ila walipofika kifungu cha 29 wakaacha shida zao, wakasema habari za watumwa wa makoloni. Inasemekana aliyewatia hamasa ni Jacques-Antoine Priqueler, mzaliwa wa hapo aliyekuwa afisa katika walinzi wa mfalme. Na masimulizi ya kijiji yanasema mtu mweusi pekee waliyewahi kumwona ni Balthazar, yule mfalme aliyechorwa kanisani akimletea zawadi mtoto Yesu.

Nilimwambia binti yangu anisomee, kwa sababu Kifaransa cha zamani kinanishinda. Akasoma kwa sauti ya darasani: kwamba wakazi wa Champagney hawawezi kufikiria mateso ya watu weusi bila mioyo yao kupenywa na uchungu, wakiona binadamu wenzao wanatendewa kwa ukali kuliko… Akakwama. "Mama, *bêtes de somme* kwa Kiswahili ni nini?"

"Wanyama wa mizigo. Punda, mwanangu."

"Kama wale wa kwa bibi?"

Kama wale wa kwa bibi. Wa bibi yake alikuwa na kidonda mgongoni, na mtoto alilia juu ya kidonda kile likizo nzima. Hakuniuliza tena, akaendelea kusoma peke yake, midomo ikicheza.

Sitawapamba wakulima wale kuliko walivyokuwa. Waliandika pia kuwa watumwa wageuzwe raia wenye faida kwa mfalme na nchi. Huruma yao nayo ilikuwa na hesabu. Lakini kuna sentensi moja iliyonipata: kwamba ni vigumu kuamini mtu angeweza kutumia mazao ya makoloni yale kama angetafakari kuwa yamemwagiliwa damu ya wenzake. Hayo wameyasema watu wa makoti ya sufu na viatu vya mbao, wasiojua bahari.

Watu wa makumbusho walikuwa wamejenga pia mfano wa ngama ya meli ya watumwa, yaani tumbo lake la chini. Mimi nimekulia kwenye majahazi, ngama naijua, harufu yake naijua. Nilisimama pale nikahesabu miaka. Mwaka 1776, miaka 13 tu kabla ya karatasi ile, Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: apewe watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha za enzi zile) kwa kichwa, na juu yake piasta 2 za Sultani mwenyewe. Walikuwa wa kupelekwa Isle de France, ndiyo Morisi ya leo, walime. Sultani wetu aliwaona watu wale kwa macho yake. Nilimweleza binti yangu hilo pia, na nikamwambia aliandike kwenye kazi yake, hata kama mwalimu hakuuliza habari za Kilwa.

Kwa wanaotaka kwenda: maelezo niliyoyaona yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo nenda na mtoto wako au wa jirani. Saa moja na nusu inatosha. Mwenye gari na siku ya ziada aunganishe na Fort de Joux, mbali zaidi kusini, gereza alimofia Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, mwaka 1803.

Sasa njaa. Tulitoka nje saa sita mchana kamili, na saa sita mchana kijiji cha Ufaransa kinafungwa kama kuna msiba. Duka la mkate lilivutiwa pazia usoni mwangu, mikate naiona. Tulizunguka mvuani mpaka tukapata mkahawa ambao jiko limefungwa lakini kahawa ipo. Binti yangu akachukua kipakiti cha sukari, akakigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Hii ni ya bitiruti, mama. Imelimwa hapa hapa Ufaransa."

Akakifungua, akamimina kwenye kikombe changu. Kisha akaangalia kahawa.

"Na hii?"

Nikamwita mhudumu nimuulize. Hakujua.